Radi Juu, Kutu Chini

Jioni ya tarehe 5 Agosti 2022 radi ilipiga tangi la mafuta ghafi katika bohari ya Matanzas, nchini Cuba. Tangi lilikuwa limejaa kiasi cha nusu. Moto ukavuka hadi tangi la pili, kisha la tatu na la nne. Kuuzima kulichukua kama wiki nzima, na watu zaidi ya 15, wengi wao wazima moto, wakafa. Bohari ile haikuwa uchi. Kinga radi ilikuwepo. Miaka 28 kabla ya hapo, tarehe 2 Novemba 1994, radi ilichoma bohari ya mafuta huko Dronka, Misri, wakati wa mafuriko. Mafuta yanayowaka yakabebwa na maji hadi kijijini, na watu 469 wakapoteza maisha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeliandika tukio hilo kuwa ndilo lililoua wengi zaidi kati ya yote yanayojulikana ambayo radi ilisababisha kwa njia isiyo ya moja kwa moja.

Hayo ni maafa yanayoonekana. Yako mengine yanayokwenda kimya: sakafu ya tangi inaliwa na kutu kutoka chini, kitundu kinatokea, petroli inanywewa na mchanga kwa miezi, mpaka jirani mwenye kisima anapoanza kusikia harufu kwenye ndoo yake. Katika ofisi nyingi mambo haya mawili hukaa kwenye mafaili tofauti. Mkandarasi wa radi ana michoro yake, mkandarasi wa kutu ana yake, na kila mmoja hulipwa kwa kazi yake. Mimi nashikilia kwamba ni jambo moja. Kila waya unaofungwa kwenye chuma kikubwa kilicholala ardhini hubadilisha safari ya radi na mwenendo wa kutu kwa wakati uleule. Anayeshughulikia kimoja bila kukitazama kingine hukiharibu, na kwa kawaida hajui hadi miaka kadhaa ipite.

Tuanze na radi. Ile ya kawaida inayoshuka kutoka wingu hadi ardhini hufikisha mkondo wa ampea 30,000 hivi kwenye kilele chake, na zile kali ambazo mhandisi wa bohari hulazimika kuzitazamia hufika 200,000. Hewa inamopita hupata joto la nyuzi kama 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Lakini kilele hicho hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na hapo ndipo ukuta wa chuma unapopata nafasi ya kuokoka. Mwaka 1836 Michael Faraday alijifungia ndani ya chumba kilichozungushiwa metali huku umeme mkali ukirushwa kwa nje, akatoka mzima. Umeme hukaa kwenye ngozi ya metali na kumwacha aliye ndani. Tangi la chuma lililochomelewa vizuri kuanzia sakafu hadi paa ni chumba cha Faraday tayari, wala halihitaji msitu wa fimbo juu yake.

Halihitaji, ila kwa masharti. La kwanza ni unene. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62305 kinataka bati la chuma lisipungue milimita 4 mahali ambapo kutoboka, au kupata doa la moto upande wa ndani, kunaweza kuwasha kilichomo. Paa la tangi hutengenezwa aghalabu kwa bati la milimita 5. Kwa hiyo tangi jipya lina akiba ya milimita moja tu. Mahali panapoila akiba hiyo upesi zaidi ni tumbo la paa, upande usioonekana, ambako mvuke wa maji, hewa na salfa ya mafuta hukutana kila siku jua linapowaka na kila usiku bati linapopoa. Siku milimita hiyo inapokwisha, tangi linabaki vilevile machoni, na rangi yake nyeupe, ngazi yake na namba yake ubavuni. Hakuna waya uliokatika wala taa iliyozimika. Lakini paa hilo limekwisha kuacha kuwa kinga ya radi.

Sharti la pili ni kutokuwa na mwanya, na hili ndilo gumu. Petroli na mafuta ghafi mengi huhifadhiwa kwenye matangi ambayo paa lake linaelea juu ya mafuta yenyewe, likipanda na kushuka nayo, ili mvuke usipate pa kukusanyika. Kati ya ukingo wa paa na ukuta kuna nafasi ya sentimita kadhaa, iliyozibwa kwa ukanda laini unaojikunja paa linapotembea. Radi ikipiga paa, ikapiga ukuta, au hata ikapiga ardhi ya jirani, mkondo utataka kuvuka hapo hapo, mahali pale pale ambapo mvuke hujipenyeza. Dawa ya miongo mingi ilikuwa vipande vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, vilivyofungwa kwenye ukingo wa paa vikauegemea ukuta, kila baada ya mita 3 hivi.

Panda juu ya tangi lililofanya kazi miaka kumi uinamie kimoja cha vipande hivyo. Ncha yake haigusi chuma. Inagusa nta nyeusi iliyoachwa na mafuta ghafi. Chini ya nta kuna gamba la kutu. Chini ya gamba, pengine, rangi ya zamani. Na chuma kiko nyuma ya yote hayo. Ukuta nao si duara kamili, kwa hiyo kuna vipande vilivyoachana nao kwa upana wa kidole. Majaribio ya maabara yalionyesha jambo linalotisha zaidi, kwamba vipande hivi hutoa cheche hata vikiwa safi na vimekaza. Ndiyo maana waraka wa 545 wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulishauri vizamishwe angalau sentimita 30 chini ya uso wa mafuta, mahali ambapo hakuna hewa ya kuwasha moto, na ziongezwe nyaya za kuunganisha paa na ukuta moja kwa moja kila baada ya mita 30 za mzingo. Ni ushauri mzuri. Lakini matangi mengi duniani yalijengwa kabla ya waraka huo, na kwenye matangi hayo gamba la kutu bado ndilo linaloamua kama radi itapita kwa amani.

Kutu yenyewe ni umeme, ila mdogo na mvumilivu. Chuma kilicho kwenye udongo wenye unyevu hakiliwi sawasawa. Sehemu moja huziachia atomi zake ziingie majini na kuziacha elektroni nyuma. Sehemu nyingine huzipokea elektroni hizo. Na mkondo huzunguka kati ya hizo mbili kupitia chuma kwa upande mmoja na udongo kwa upande wa pili. Kanuni ya hesabu yake aliiweka Faraday huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ampea moja ikitoka kwenye chuma kuingia udongoni kwa mwaka mzima huondoka na kilo 9 za chuma. Ishushe hesabu hiyo hadi kwenye tangi. Miliampea moja huondoka na gramu 9 kwa mwaka. Ikitawanyika kwenye sakafu nzima, hutaiona maishani mwako. Ikipata mkwaruzo mmoja wa rangi wenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba, hutoboa bati la milimita 6 katika miezi sita na ushee.

Kwa hiyo rangi nzuri yenye kasoro moja inaweza kuwa mbaya kuliko chuma kitupu, kwa kuwa mkondo wote huelekezwa kwenye kasoro hiyo. Ndiyo maana mafundi wa kutu hawaridhiki na rangi peke yake.

Mambo huharibika zaidi metali mbili tofauti zinapofungwa pamoja kwenye unyevu mmoja. Shaba huzishikilia elektroni zake, chuma huziachia kwa urahisi zaidi, zinki na magnesi ndizo zinazoachia upesi kuliko zote. Ile inayoachia upesi huliwa na kuilinda ile inayoshikilia. Jeshi la Majini la Uingereza lililipia somo hili mapema. Mwaka 1761 liliifunika kwa shaba meli ya HMS Alarm sehemu ya chini ya maji, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Miaka miwili baadaye misumari ya chuma ilikuwa imeliwa vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi iliyokuja na mabamba ya shaba ilisahaulika katikati na kuzitenga metali hizo mbili.

Humphry Davy aligeuza kibao mwaka 1824. Alifunga vipande vya zinki na vya chuma kwenye shaba ya meli, vikaliwa vyenyewe, na shaba ikabaki salama kabisa. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kijana Faraday. Kwa kemia ulikuwa ushindi. Kwa mabaharia ulikuwa hasara, kwani sumu ya shaba inayoyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza chaza na mwani. Shaba ilipoacha kuyeyuka, tumbo la meli likaota bustani, mwendo ukapungua, na jeshi likaachana na mpango huo. Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu ni mfano wa kwanza ninaoujua wa kosa ambalo makala hii inalihusu, yaani kinga iliyofaulu kikamilifu kwa jambo moja huku ikilivunja jingine ambalo hakuna aliyelifikiria.

Sanamu ya Uhuru mjini New York, iliyozinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886, ilirudia kisa cha HMS Alarm ikiwa imesimama wima. Ngozi yake ni shaba ya milimita 2.4, na mifupa ya ndani aliyoisanifu Gustave Eiffel ilikuwa ya chuma. Wajenzi walijua hatari, wakaweka kitambaa cha asbesto kilicholowekwa kwenye gundi ili metali hizo zisigusane. Kitambaa kikaoza, unyevu wenye chumvi ya bandari ukaingia, na chuma kikageuka kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ilivimba na kuzing'oa riveti za shaba. Katika ukarabati wa 1984 hadi 1986 fito za chuma zilizoishikilia ngozi hiyo zilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu, na tabaka la Teflon likawekwa katikati.

Turudi kwenye tangi. Mkandarasi wa radi anafika bohari mpya. Anachimba mtaro kuzunguka tangi, analaza waya mtupu wa shaba, anapigilia fimbo za ethi za shaba, anafunga kila kitu kwenye mguu wa ukuta kwa boliti. Anapima ukinzani wa ethi: ohmu 3, chini kabisa ya zile 10 zinazopendekezwa. Anasaini na kuondoka. Kwa upande wa radi kazi ni safi. Kwa upande wa kutu ametengeneza betri yenye eneo la kiwanja kizima. Shaba ni upande mmoja, sakafu ya chuma upande wa pili, udongo wenye unyevu ndiyo maji ya betri, na ile boliti aliyoikaza vizuri ndiyo inayofunga mzunguko. Tofauti kati ya shaba na chuma udongoni ni kati ya volti 0.3 na 0.6. Betri hiyo haina swichi, inafanya kazi masika na kiangazi, na kinacholiwa ni sakafu.

Anafuata mkandarasi wa kutu. Kazi yake ni kinga ya kathodi, yaani kusukuma mkondo kutoka kwenye anodi zilizofukiwa, upite udongoni na kuingia kwenye sakafu ya tangi, ili kila sehemu ya sakafu ipokee umeme na isiwepo inayoutoa. Kipimo chake ni volti −0.85 dhidi ya elektrodi ya shaba na salfeti, kiwango ambacho Robert Kuhn alikifikia akifanya kazi kwenye mabomba ya New Orleans mwaka 1928 na ambacho kinatumika hadi leo. Anawasha mtambo, anasoma mita, haifiki. Anaongeza mkondo, bado haifiki. Sababu iko ardhini, mita mbili kutoka aliposimama. Shaba yote ile tupu, iliyofungwa kwenye tangi, inaunywa mkondo wake kabla haujafika chini ya sakafu, na ina kiu kuliko sakafu yenyewe kwa kuwa haikupakwa chochote.

Sasa fundi anaweza kufanya jambo moja jepesi sana. Anafungua boliti ya ethi. Sindano ya mita inashuka papo hapo hadi pazuri. Ripoti inaandikika. Boliti inabaki imefunguliwa, au inafungwa kwa shingo upande na kufunguliwa tena wakati wa kipimo kijacho, na mvua za vuli zinapoanza tangi la petroli linakuwa limesimama bila njia ya uhakika ya kuifikisha radi ardhini. Simlaumu fundi huyo peke yake. Aliyemwajiri alimpa lengo moja na kipimo kimoja.

Udongo wenyewe huuzidisha mgongano huu. Udongo unaopitisha umeme vizuri, wenye unyevu na chumvi, ndio kila fundi wa radi anaouombea, kwa sababu fimbo moja au mbili zinatosha kushusha ohmu. Udongo huo huo ndio unaokula chuma kuliko mwingine wowote, kwani betri zote nilizozieleza hufanya kazi vizuri ndani yake. Kinyume chake, mawe ya matale ya Mwanza hayapitishi umeme kwa urahisi. Ethi ni tabu, kutu ni ndogo. Mwambao wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa una mchanga wenye maji ya chumvi karibu: ethi ni rahisi, kutu haina huruma. Anayeichukua michoro ya bohari ya pwani na kuijenga kando ya Ziwa Victoria bila kuibadilisha, au kinyume chake, amekosea pande zote mbili kwa mchoro mmoja.

Hapa inafaa kusema wazi kuhusu chumvi na mkaa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki fundi akichimba shimo la ethi huweka tabaka la mkaa, tabaka la chumvi, kisha maji, na ohmu hushuka kweli. Kwenye nyumba yenye fimbo ya shaba madhara ni madogo. Kando ya tangi au bomba la chuma ni kosa kubwa. Chumvi hulisha kutu na haibaki shimoni. Mvua huisambaza, kisha ohmu hupanda tena baada ya misimu michache na chumvi nyingine huongezwa. Mkaa nao ni kaboni, na kaboni hushikilia elektroni kuliko hata shaba, kwa hiyo ukiunganishwa na chuma ni chuma kitakacholiwa. Udongo wa bentonaiti, ambao huvimba na kushika unyevu bila ukali wa chumvi, hufanya kazi ile ile ukiwa mpole zaidi kwa chuma.

Ufumbuzi upo, na wa zamani kuliko wote umesimama Paris. Mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889 kwa tani 7,300 hivi za chuma, ulitarajiwa kupigwa na radi tangu siku ya kwanza. Eiffel hakuushusha umeme kwa shaba. Kila mguu wa mnara aliuunganisha na mabomba ya chuma cha kumimina yaliyozamishwa hadi kwenye tabaka la maji chini ya ardhi. Chuma juu, chuma chini. Mnara hupakwa rangi upya kila baada ya miaka 7 hivi, na betri kubwa ya shaba na chuma haikujengwa hata kidogo.

Wazo hilo linaweza kuhamia kwenye matangi kwa hatua moja zaidi. Badala ya shaba, ethi iwe ya chuma kilichopakwa zinki, au ya utepe wa zinki wenyewe. Zinki huachia elektroni upesi kuliko chuma, kwa hiyo ethi huliwa kidogo kidogo na kuilinda sakafu, huku ikiendelea kuipokea radi. Waya mmoja unafanya kazi mbili. Naamini kwa matangi mengi yetu hili ndilo chaguo la kwanza la kufikiria, na shaba iwe ya kujitetea. Inabidi tu ipangwe tangu awali kwamba ethi ya zinki ina umri, ipimwe na kubadilishwa.

Kuna mahali ambapo chaguo hilo hushindwa, nalo ni msingi wa zege. Nondo zikiwa ndani ya zege hutulia kiasi kwamba umeme wake hukaribia wa shaba. Ukiunganisha fimbo ya zinki na nondo za msingi mkubwa, fimbo italiwa upesi kwa faida ya nondo ambazo hazikuhitaji msaada. Mahali hapo kiwango cha IEC chenyewe huelekeza kwenye shaba au chuma kisichoshika kutu. Ndiyo maana siwezi kumpa msomaji kanuni moja ya kununulia vifaa. Lazima mtu achore metali zote zilizoungana chini ya ardhi, nondo za jengo la pampu, mabomba, nguzo za uzio, ethi ya transfoma, kisha ajiulize mkondo utatoka wapi na kuingia wapi.

Pale ambapo shaba imeshafukiwa na haiwezi kung'olewa, kuna kifaa kidogo kinachowekwa kati ya waya wa ethi na tangi. Kwa umeme wa volti chache unaokwenda upande mmoja, ule wa betri na wa kinga ya kathodi, kifaa hiki ni ukuta. Radi ikija, au hitilafu ya umeme wa gridi, hufunguka mara moja na kuupitisha mkondo mzima. Vya zamani vilikuwa vyungu vyenye mabamba ya metali ndani ya maji ya potasi. Vya leo vimetengenezwa kwa silikoni, kama vile diodi za redio ila kwa ukubwa wa kuvumilia radi. Vipo pia vile vya mwanya wa cheche uliofungwa ndani ya kopo lisilopitisha mvuke. Hivi hutumika kwenye flenji za bomba linaloingia bohari. Mhandisi wa kutu huweka gasketi isiyopitisha umeme katikati ya flenji na mirija ya plastiki kwenye boliti, ili kinga ya bomba isivuje kwenda kwenye tangi. Kwa radi, gasketi hiyo ya milimita chache ni mwaliko wa kurusha cheche mahali penye mafuta. Ukiona flenji ya namna hiyo haina kopo ubavuni, umeona kazi ya mkandarasi mmoja.

Plastiki inayotandikwa chini ya matangi mapya kuzuia mafuta yasifike kwenye maji ya ardhini nayo imeleta jambo lake. Tangi kubwa lililokaa juu ya udongo lilikuwa na ethi ya bure kutokana na sakafu yake pana. Plastiki imeikata ethi hiyo, na imeuzuia pia mkondo wa kinga ya kathodi unaotoka mbali, hivyo anodi lazima zilazwe kati ya plastiki na sakafu. Uamuzi wa mtu wa mazingira umebadilisha kazi ya wenzake wawili, na ni lazima aambiwe.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miali 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Victoria nalo ni miongoni mwa vitovu vikubwa, na radi zake nyingi huja usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana juu ya maji. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linaanzia katika ukanda wa radi, linapita magharibi mwa ziwa kupitia Kagera na Geita, kisha linaishia kwenye matangi ya pwani yenye hewa ya chumvi. Ni chuma kimoja kinachokutana na maadui wote wawili kwenye ncha zake mbili. Tena mafuta yake ni mazito na lazima bomba lipashwe joto na kuvikwa povu la kuhifadhi joto hilo, na povu likiingiwa na maji huficha kutu huku likiuzuia mkondo wa kinga usiifikie.

Kuna na wizi. Waya wa shaba una bei kwa wauza vyuma chakavu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na giza kutanda, Kenya ilisimamisha kwa muda biashara nzima ya vyuma chakavu. Bohari inaweza kuwa na michoro bora na mwisho wake ikakosa waya mita mbili juu ya ardhi, umekatwa kwa msumeno usiku. Utepe wa chuma chenye zinki hauna mnunuzi wa namna hiyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitazama upya shaba, nayo haipatikani kwenye vitabu vingi vya Ulaya.

Lililobaki ni utaratibu wa kazi, na hapo ndipo nadhani tunapoteza zaidi. Ohmu za ethi mara nyingi hupimwa wakati wowote mkaguzi anapopata nafasi. Zipimwe mwisho wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa kuwa radi za kwanza za msimu huipiga ardhi ambayo bado haijalowa. Unene wa paa hupimwa kwa mawimbi ya sauti na kuwekwa kwenye faili la kutu; nakala iende kwa mtu wa radi, mwenye kujua kwamba milimita 4 ni mpaka. Mita ya kinga ya kathodi isomwe boliti za ethi zikiwa zimefungwa, na ripoti iseme hivyo. Na zabuni ziandikwe kwa pamoja. Zinapotenganishwa, kile kifaa kidogo cha kati ya waya na tangi, ambacho gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya tangi lenyewe, hakimo kwenye orodha ya mkandarasi wa radi kwa sababu si cha radi, wala kwenye ya mkandarasi wa kutu kwa sababu si cha kutu.